Dodoma kuwa 'jiji janja': Kwa nini kipimo cha kisimani kina maana kuliko kamera za barabarani

Leo unaweza kukata tiketi ya SGR kwa simu ukiwa umekaa zako Mbagala, ukapanda treni ya umeme, na baada ya saa nne hivi ukashuka Dodoma. Nyumba unayokwenda ina namba ukutani na mtaa una kibao cha jina. Umeme wa mwenyeji wako unalipwa kwa simu, na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu mwaka 2021.

Halafu unaingia ndani, unafungua bomba, linakoroma tu.

"Leo si zamu yetu," mwenyeji anakwambia bila hata kushangaa. "Chota kwenye simtanki."

Watu wakisikia "jiji janja" hufikiria kamera kwenye taa za barabarani, intaneti ya bure kwenye bustani na mabasi unayoyafuatilia kwenye simu. Ni vitu vizuri, sivipingi. Lakini kwa mji uliojengwa kwenye nyanda kame za kati, kuna swali moja linalotangulia yote hayo: tuna maji kiasi gani, na yanakwenda wapi? Teknolojia ya kulijibu ipo, na sehemu yake imekuwa ikifanya kazi hapa hapa Dodoma tangu kabla ya Uhuru. Wengi hawaijui.

Mji uliopewa jina na tembo

Wagogo wanasimulia kuwa tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akazama kwenye tope akashindwa kutoka. Waliomkuta wakasema "idodomya", yaani amezama. Jina likabaki. Tangu mwanzo, basi, habari ya Dodoma ni habari ya maji yaliyo mahali pamoja na kila kiumbe anayakimbilia.

TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, na mwaka huo huo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mpango wa kwanza wa mji, wa mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni kutoka Canada. Kwa miongo kadhaa mambo yalikwenda polepole, mpaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli. CDA ilivunjwa 2017, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Sasa angalia namba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 354,000, na hapo hujahesabu wanaoingia kwa shughuli za Bunge au wanafunzi wanaokwenda na kurudi.

Mvua haikuongezeka. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei ni vumbi, jua na upepo. Hakuna mto mkubwa unaopita mjini mwaka mzima, na ziwa la karibu lenye maji ya kutosha liko mbali sana. Kinachoubeba mji huu kiko chini ya ardhi.

Makutupora siyo zabibu tu

Ukitaja Makutupora, wengi wanakumbuka zabibu na mvinyo. Wengine wanakumbuka JKT. (Na usichanganye na Makutupora ya kwenye ramani ya SGR. Ile iko Manyoni, mkoani Singida.) Makutupora ya Dodoma iko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 30 hivi, na eneo la visima linajulikana zaidi kwa jina la Mzakwe. Kwa miaka mingi hapo ndipo penye moyo wa maji ya Dodoma. Visima virefu vinavuta maji kutoka kwenye mwamba wenye nyufa, pampu zinayasukuma kwenda mjini, na DUWASA inayasambaza. Siku hizi kuna visima vingine, kama vya Nzuguni, lakini Mzakwe bado ndiyo tegemeo kubwa.

Sasa ndiyo tunafika kwenye teknolojia yenyewe.

Tangu miaka ya 1950, watu wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vya Makutupora. Kipimo chenyewe ni cha kawaida kabisa: unashusha kifaa kisimani, unaona maji yako umbali gani kutoka juu, unaandika kwenye daftari na tarehe. Mwezi ujao unarudia. Kazi ya kuchosha, haina picha ya kupiga na kurusha mtandaoni. Lakini ilifanyika miaka nenda rudi, serikali zikabadilika, watumishi wakastaafu, madaftari yakaendelea.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha UCL, London, na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji Watanzania, walichapisha uchambuzi wa rekodi hizo katika jarida la Nature Climate Change. Zilikuwa zimefikia miaka 55. Kwa maeneo makame ya ukanda wa joto, haikuwa ikijulikana rekodi nyingine ndefu kama hiyo. Yaani duniani kote, aliyetaka kujua maji ya chini ya ardhi yanavyoishi kwenye nchi kame alilazimika kuja kusoma madaftari ya Dodoma.

Na madaftari yalisema jambo ambalo mtu hawezi kuliona kwa macho. Maji ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi mvua inanyesha, mahindi na uwele vinaota, lakini kisimani maji yanaendelea kushuka tu. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi ule unaoendana na El Niño au joto la Bahari ya Hindi upande wetu, na maji yanapanda kwa kishindo. Mvua za 1997/98, zile zilizokata barabara na madaraja nchi nzima, kwa Makutupora zilikuwa neema.

Fikiria mtu anayepokea mshahara mara moja kila baada ya miaka kadhaa, na hajui tarehe. Lazima aishi kwa akiba. Na kama hajui salio lake, hawezi kujua atumie kiasi gani leo.

Baadaye watafiti, safari hii Chuo Kikuu cha Sokoine kikiwa ndani yake, walifunga vifaa vinavyorekodi kila saa vyenyewe, kwenye visima na kwenye makorongo. Utafiti uliochapishwa 2021 ulieleza maji hayo yanaingia wapi. Sehemu kubwa haiingii kwa mvua kuloweka shamba zima. Inaingia pale makorongo na mito ya msimu inapojaa na kupita siku nyingi juu ya mchanga chini ya vilima. Maji yakikaa kwenye korongo muda mrefu, yanazama. Yakipita kwa siku moja na kukauka, hayafiki mbali.

Hii siyo habari ya wasomi peke yao. Inaamua nani ajenge wapi. Ukisakafia au ukijenga juu ya eneo ambalo korongo linamwaga mchanga, unaweza kuwa umeziba mdomo wa kisima kilicho kilomita kadhaa kutoka hapo. Na Dodoma ni mji wa viwanja. Kila kona kuna kibao cha "viwanja vinauzwa". Ramani inayoonyesha maeneo ya kujaza maji, ikiwekwa pamoja na ramani ya upimaji wa ardhi kwenye kompyuta moja, ina thamani kuliko kamera elfu. Kamera itakuonyesha aliyepita kwenye taa nyekundu. Ramani hii inakuonyesha kiwanja ambacho kisingepaswa kuuzwa.

Maji yanayopotea njiani

Kuna nusu ya pili ya habari hii, nayo iko kwenye mabomba.

Ripoti za EWURA za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kuwa kwa wastani mamlaka za maji nchini hupoteza karibu theluthi moja au zaidi ya maji yanayozalishwa. Yametolewa ardhini, yametibiwa, yamesukumwa kwa umeme wa gharama, halafu hayakulipiwa. Mengine yamevuja, mengine yameibwa kwa kuunganisha kienyeji, mengine yamepita kwenye mita iliyochoka isiyohesabu sawasawa.

Mvujo unaouona barabarani ndio wa bahati. Mbaya ni ule wa chini kwa chini, unaozama mchangani miezi sita bila mtu kujua. Unautafutaje?

Njia inayotumika duniani ni rahisi kuieleza. Unaugawa mji katika kanda ndogo, na kila kanda unaifungia mita moja kubwa kwenye bomba linaloingiza maji. Mita hiyo inatuma namba yenyewe kwa mtandao wa simu. Halafu unaangalia saa nane hadi saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala.

Chukua mfano wa kubuni: mtaa wa nyumba 1,000. Usiku wa manane matumizi ni madogo sana, tuseme lita 2 kwa nyumba kwa saa, jumla lita 2,000. Lakini mita kubwa inasoma lita 15,000. Zile 13,000 zinakwenda wapi? Kwa siku nzima ni kama lita 300,000, ambazo kwa lita 50 kwa mtu zingewatosha watu 6,000. Hapo huhitaji kuchimba mji mzima. Unapeleka mafundi kwenye kanda hiyo hiyo, na vifaa vya kusikiliza bomba, wanatafuta.

Sasa kuna tatizo moja ambalo wauzaji wa mifumo hii huwa hawalisemi sana: mgao unaharibu kipimo. Maji yakitoka kwa zamu, na zamu ikaangukia usiku, saa nane watu hawajalala. Wako nje na ndoo, na matanki yanajaa. Mita kubwa itasoma matumizi makubwa na hutajua kipi ni mvujo na kipi ni simtanki la jirani. Tena bomba likikaa tupu linaingia hewa, na maji yanaporudi ile hewa inasukumwa na inaweza kuzungusha mita yako. Kila anayekaa kwenye mgao amewahi kuisikia ikivuma hivyo. Kwa hiyo teknolojia ya kupunguza upotevu inafanya kazi vizuri pale maji yanapotoka muda wote, na maji hayawezi kutoka muda wote mpaka upotevu upungue. Inabidi kuanza na kanda moja, kuipa maji mfululizo, kuirekebisha mpaka ikae sawa, ndipo uhamie nyingine.

Haya siyo ya kufikirika. Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia, ulitoka vitani mabomba yakiwa hoi. Mwaka 1993 maji yasiyolipiwa yalikuwa asilimia 72. Chini ya Ek Sonn Chan, mkuu wa mamlaka ya maji, walifunga mita kwa kila mteja, wakagawa mji katika kanda, wakaweka vikosi vya kurekebisha mivujo usiku na mchana. Kufikia karibu mwaka 2010 upotevu ulikuwa kama asilimia 6, na maji yalikuwa yanatoka saa 24. Bwana huyo amewahi kusimulia kuwa alipokwenda kumfungia mita mkubwa mmoja wa jeshi, alielekezewa bastola. Alirudi na askari, akakata maji. Sehemu hiyo ya kazi haina programu ya kuifanya.

Anwani ya nyumba inaingiaje hapa?

Kabla ya sensa ya Agosti 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Vibao vya barabara, namba za nyumba, postikodi, na programu ya simu ya NaPA inayokuonyesha anwani na njia ya kufika. Wengi waliona ni mambo ya makarani wa sensa na vishikwambi vyao, yakaishia hapo.

Lakini jaribu kutoa taarifa ya bomba lililopasuka bila anwani. "Ukitoka pale kwenye mbuyu, unashuka hivi, kuna duka la Mpesa, kata kushoto, uliza kwa mama muuza maandazi." Fundi anazunguka saa nzima na bajaji. Kwa jina la barabara na namba ya nyumba iliyo karibu, anafika moja kwa moja. Na taarifa 50 za aina hiyo zikiwekwa kwenye ramani, zinaonyesha bomba fulani limepasuka mara tano mwaka huu. Hilo halihitaji kiraka kingine, linahitaji kubadilishwa.

Dar es Salaam walishaonja faida ya ramani. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika, kata kwa kata. Dodoma ina UDOM yenye maelfu ya vijana na chuo kizima cha masuala ya kompyuta. Vijana wanaoweza kutembea mtaani na simu, wakaweka kwenye ramani kila gati la maji, kila korongo na kila kisima cha watu binafsi, hawakosekani. Visima vya watu binafsi hasa, maana vinachota kutoka chini ya ardhi ile ile, na kisichoandikwa popote hakihesabiki.

"LUKU ya maji" je?

Mita za maji za kulipia kabla zinazungumzwa sana, na watu wamezibatiza LUKU ya maji. Zina uzuri wake. Unajua unatumia nini, hakuna bili ya kushtukiza, hakuna kubishana na msoma mita.

Mimi nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, mita hiyo iko mlangoni kwako. Haioni bomba lililopasuka kilomita tatu nyuma. Inaweza kukusanya fedha vizuri huku mchanga ukiendelea kunywa maji. Pili, umeme ukikatika kwa kukosa uniti unawasha mshumaa, lakini maji yakikatika kwa mama mwenye mtoto anayeharisha hakuna mshumaa wake. Mfumo wa namna hiyo lazima uwe na kiasi kidogo kinachotoka hata salio likiisha. Anayeununua ahakikishe hilo limeandikwa kwenye mkataba kabla ya kufungwa mita ya kwanza.

Salio lionekane na kila mtu

Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2018 ilikaribia kufunga mabomba. Siku hiyo waliiita "Day Zero". Jiji lilitangaza kiwango cha maji kwenye mabwawa kila wiki, likaweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na likafungua ramani mtandaoni yenye nukta za kijani kwa nyumba zilizobaki ndani ya lengo. Kulikuwa na malalamiko kuwa ramani inawaanika watu. Lakini wakazi walipunguza matumizi, mvua ikaja, na Day Zero haikufika.

Bwawa unaliona likikauka. Makutupora huioni. Mtu anaweza kuosha gari kwa mpira wakati akiba iko chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka 20, naye hana habari. Kwa hiyo kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuifanya Dodoma iwe jiji janja, ningechagua namba moja kila Jumatatu, kwenye redio, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kwa SMS pamoja na bili: kina cha maji Makutupora wiki hii, na kilikuwa ngapi wakati kama huu mwaka jana. Vifaa vya kuipata siyo ghali ukilinganisha na taa za barabarani. Rekodi ya kulinganishia ipo tangu miaka ya 1950.

Mipango mikubwa ipo pia: bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na wazo la kuleta maji ya Ziwa Victoria. Ni muhimu, kwa sababu mji wa watu milioni hauwezi kukaa juu ya kisima kimoja milele. Lakini maji ya Farkwa yakiingizwa kwenye mabomba yale yale yanayovuja, theluthi yake nayo itabaki njiani.

Unachoweza kufanya wiki hii

Paa lako kwanza. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, linapokea lita 55,000 kwa mwaka. Ukiondoa zinazomwagika na kukauka, bado unabaki na kama lita 44,000. Familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja inaweza kwenda karibu miezi sita. Tatizo ni pa kuziweka: simtanki la lita 5,000 linajazwa na mvua kubwa moja au mbili, na lenyewe linakutosha siku 20. Ila ukilitumia na kujaza tena na tena msimu wote wa mvua, miezi ile unaupumzisha mtandao, na kisima kinapata nafasi. Mvua ya kwanza iache isafishe vumbi la bati, usiikinge.

Halafu mita yako. Usiku ambao maji yanatoka, funga bomba zote, hakikisha tanki limejaa na limejifunga, piga picha ya mita kwa simu ukienda kulala. Asubuhi kabla mtu hajanawa, piga tena. Namba zikiwa tofauti, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni choo. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tenki la choo, usubiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, ule mpira wa ndani umekwisha. Fundi wa mtaani anaubadilisha siku hiyo hiyo.